Friji Lililolala Chali

Friji letu liliingia Bariadi likiwa limelala chali kama mgonjwa kwenye machela. Lilitoka Mwanza ndani ya kenta iliyopakia saruji, likapita Magu, likakata kona pale Lamadi, likaja linarushwa-rushwa mpaka Somanda. Dereva alipofunua turubai, nusu ya mtaa ilikuwa imeshajaa uwanjani kwetu. Mwaka ulikuwa 2022. Mama alidunduliza miaka miwili: hela ya pamba ya baba kidogo, ya kikoba ndiyo nyingi, na ya maandazi ya alfajiri. Hakutaka friji la kupamba sebule. Alitaka barafu na juisi ya ukwaju za kuuza stendi, ili mdogo wangu atakapofika sekondari tusilazimike kuuza mbuzi.

Mimi, kwa kuwa ndiye pekee niliyemaliza kidato cha nne mle ndani, nikakabidhiwa kijitabu cha maelekezo.

"Soma, ng'wanone," mama akasema. "Si unajua Kizungu?"

Nilijua. Ila niseme kweli tupu: sikukisoma. Nilitazama picha tatu za mwanzo, nikakitupa juu ya kabati. Siku zile nilikuwa nahangaika na sura ya saba ya riwaya yangu (mpaka leo nahangaika nayo), na niliamini hakuna maandishi yaliyokufa duniani kama maelekezo ya vyombo vya umeme. Weka hivi, usiweke vile. Nani atasoma hayo? Basi ndugu msomaji, makala hii ni ya kukiomba radhi kile kijitabu. Nimekuja kugundua kwamba ni kitabu cha historia, tena cha kusikitisha, na karibu kila sentensi yake kuna mtu aliumia ndipo ikaandikwa.

Nilikuwa nimeshika plagi mkononi, watoto wanapiga makofi, ndipo jirani yetu akaingia. Ni bibi mmoja, muuguzi mstaafu aliyezunguka zahanati za vijijini karibu maisha yake yote. Sote tunamwita Mayu.

"Limekuja limelala?"

"Ndiyo, Mayu. Kutoka Mwanza."

"Basi lisimamishe, uliache mpaka kesho. Mafuta yake yamepanda kichwani."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, tena kwa sauti. Kumbe bibi alikuwa sahihi kabisa. Chini nyuma ya friji kuna kompresa, ndiyo moyo wake, na ndani ya kompresa kuna mafuta ya kulainisha mashine. Friji likilazwa, mafuta yale hutiririka na kuingia kwenye mabomba ya gesi. Ukiliwasha papo hapo, kompresa inazunguka bila mafuta ya kutosha, au inajaribu kusukuma kimiminika wakati imeumbwa kusukuma gesi. Inaweza kufa siku hiyo hiyo, au ikadumu miezi michache ikiugulia. Likisimamishwa, mafuta hurudi mahali pake taratibu. Kama lilisafiri limesimama, saa chache zinatosha. Kama lililala kutwa nzima, lipe siku nzima.

Kwa heshima ya mvi za Mayu tukasubiri mpaka kesho yake. Likawaka, likanguruma kidogo, likanyamaza. Tukaliacha tupu mpaka jioni lipoe kwanza, mama akaingiza chupa zake za ukwaju. Nikajiona fundi.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa amedeki, sakafu bado mbichi. Mdogo wangu, miaka tisa, peku, akaegemea ubavu wa friji achungulie kama barafu imeshaganda. Nilichosikia mimi ni kishindo tu. Nilimkuta amekaa chini karibu na mlango, macho yamemtoka, mkono umekufa ganzi, anafungua kinywa na sauti haitoki. Alipoanza kulia ndipo sote tukapumua.

Fundi alikuja mchana akakuta makosa mawili yaliyokutana. La kwanza lilifanyika kwenye kenta. Friji lilipolala chali, waya mmoja jirani na kompresa ulibanwa ukachubuka, na umeme ukawa unavuja kwenye bati la nje. La pili lilikuwa ndani ya ukuta wetu wenyewe kwa miaka. Plagi ya friji ilikuwa na pini tatu, na ile pini ndefu ya juu kazi yake ni kuuchukua umeme uliovuja na kuupeleka ardhini. Fundi alipoifungua soketi, ule waya wa ethi ulikuwepo, wa kijani na manjano kama inavyotakiwa. Aliuvuta taratibu. Ukatoka wote, urefu wa kiganja. Aliyetufungia umeme alikuwa amechomeka kipande kile kwa ajili ya macho tu, hakikuwa kimefungwa popote.

Usiku ule nilipanda juu ya kiti nikakishusha kijitabu kutoka kabatini. Nikasoma yote, na kila nilipokuta neno "usifanye" nikajiuliza: kwa nini? Nani alifanya? Miezi iliyofuata niliwahoji mafundi, nikasoma nilichopata, nikamchosha Mayu kwa maswali.

Kwanza tuwekane sawa. Kabla ya friji Wasukuma hatukuwa tunakula vilivyooza. Viazi vitamu tulivikata vibichi tukavianika vikawa michembe, au tukavichemsha kwanza ndipo tukavianika, yakawa matobolwa. Majani ya kunde tuliyakausha yakawa nsansa. Maziwa yaligandia kwenye kibuyu. Na maji ya baridi yalikuwepo: mtungi wa udongo, pembeni penye kivuli, unatoka jasho. Jasho lile linapokauka hewani linaondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Hiyo ndiyo siri nzima ya friji, jamani! Kimiminika kikigeuka mvuke huchukua joto. Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa anaishi London, alichofanya mwaka 1834 alipoandikisha hati ya uvumbuzi wake ni kuufungia ule mvuke ndani ya mabomba, ausukume, augandamize urudi kuwa kimiminika, uzunguke tena. Mtungi unapoteza jasho lake, friji linalinywa upya.

Sasa, joto linalotolewa ndani lazima litupwe mahali. Linatupwa nyuma au ubavuni. Ndiyo maana kijitabu kinataka friji lisibandikwe ukutani, liachiwe nafasi ya upana wa kiganja hivi, wala lisikae juani au jirani na jiko. Sisi tulikuwa tumelisukuma mpaka ukutani, na juu yake mama alishatandika kitambaa cha kudarizi kinachoning'inia mpaka nyuma. Kilipendeza kweli. Nilikitoa kwa mabishano.

Habari ya gesi ndiyo iliyoninyima usingizi. Majokofu ya kwanza ya majumbani, miaka ya 1920 kule Ulaya na Marekani, yalitumia gesi za sumu: amonia, dioksidi ya salfa, kloridi ya methili. Bomba likipasuka usiku, watu hawaamki. Inasimuliwa kwamba Albert Einstein alisoma gazetini habari za familia moja ya Berlin iliyokufa usingizini kwa gesi ya friji, watoto na wazazi. Akakaa na kijana Leo Szilard, tangu 1926, kubuni friji lisilo na mashine inayozunguka wala viungo vya kuvujisha. Hati yao ya Marekani ilitoka 1930. Friji lao halikufika sokoni, kwa sababu mwaka huohuo Thomas Midgley alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akavuta gesi mpya kifuani, akaipulizia mshumaa ukazimika. Haina sumu, hailipuki! Gesi ile iliitwa Freon, na dunia nzima ikashangilia kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland wakaonyesha kwamba gesi za namna ile zinapanda juu na kula ozoni inayotukinga na jua. Mkataba wa kuzikomesha ukasainiwa Montreal mwaka 1987, na Tanzania ikajiunga 1993.

Na leo tumerudi kulekule kwenye moto. Mafriji mengi mapya yana gesi ya isobyuteni, ndugu wa gesi ya kupikia. Haiharibu ozoni, ila inawaka. Iliyomo ni gramu chache, haina neno ikiwa ndani ya mabomba. Lakini tazama nyuma ya friji lako: ukiona alama ya mwali wa moto, ujue ndiyo hiyo. Mama alikuwa na tabia ya kukwangua barafu kwa kisu. Nilipomweleza kwamba kisu kikitoboa bomba lililofichwa mle, kinachotoka ni ndugu wa mtungi wa jikoni, alikiangalia kile kisu kama nyoka.

Mayu aliponiona naandika hayo yote akaniambia, "Umeruka la kwetu." Alikuwa na haki. Friji la kwanza kufika vijijini kwetu halikujua umeme. Lilikuwa la mafuta ya taa. Vijana wawili wanafunzi wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walilibuni mwaka 1922, na kampuni ya Electrolux ikaanza kuliuza 1925. Halina kompresa. Mwali mdogo wa utambi unachemsha amonia iliyo ndani ya mabomba, na kuchemka kwenyewe ndiko kunakoizungusha. Moto unaleta baridi! Mafriji hayo yalitunza chanjo nchi hii, hasa baada ya mpango wa taifa wa chanjo kuanza 1975, kwenye zahanati ambazo hata nguzo ya umeme hazijawahi kuiona.

"Lile lilikuwa mtoto mchanga," Mayu alisema. Lisiposimama sawasawa halipoi, kwa hiyo aliweka juu yake kichupa cha maji akitazama kama maji yamelala sawa. Utambi ukienda upande, moshi mweusi unajaa chumba. Mafuta yakiisha alfajiri, chanjo zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 zinaharibika, na kinamama wameshatembea tangu usiku, watoto mgongoni. Kumbe alipoliangalia friji letu limelala chali hakuwa anafikiria juisi ya ukwaju.

Kitu kingine. Umewahi kujiuliza kwa nini mlango wa friji hushikwa na sumaku? Zamani ulikuwa na komeo la chuma, ukijifunga haufunguki kutoka ndani. Marekani watoto walikuwa wakiingia kujificha kwenye mafriji yaliyotupwa, wanakosa hewa, wanafia humo. Mwaka 1956 ikatungwa sheria kwamba kila friji lifunguke kutoka ndani. Siku tuliposhusha letu, boksi lake liligeuka nyumba ya watoto wa mtaa kwa wiki nzima, wanajificha na kutoka. Nilipoisoma sheria ile niliacha kuandika kwa muda.

Narudi kwenye ile plagi. Pini tatu za mraba ni mtindo wa Kiingereza wa mwaka 1947. Pini ya ethi ni ndefu makusudi: inatangulia kuingia na kukufungulia vifuniko vya matundu mengine mawili, kama mkubwa anayetangulia kuonja chakula. Nasi tukaigundua siri hiyo. Nyumba ngapi unazijua ambamo plagi ya pini mbili huingizwa kwa kuchokonoa tundu la juu kwa mfuniko wa kalamu ya Bic? Kwetu ilikuwepo moja, ya bluu, imekaa juu ya soketi kabisa kama chombo rasmi.

Halafu kuna kukatika kwa umeme. Wazee wanaihesabu migawo kama njaa: 1992, 1994, 2006, 2011. Friji haliumizwi sana na giza. Linaumizwa na umeme unaporudi kwa fujo, mdogo au mkubwa kupita volti zake 230, huku mabomba bado yana msukumo. Kompresa inajaribu kuanza, inashindwa, inachemka. Ndiyo kazi ya kile kifaa cha kuchomeka kati ya soketi na plagi: kinasubiri dakika chache umeme utulie ndipo kiruhusu. Tulikinunua kwa mkopo wa kikoba, na mama alinung'unika kwamba friji limeanza kuzaa.

Yule fundi alibadilisha waya uliochubuka, akavuta waya wa ethi mpya kutoka kwenye soketi mpaka nje, akaongeza swichi inayokata yenyewe ikihisi umeme unavuja. Kazi kubwa ilikuwa ya jembe. Nyumba yetu iko juu ya luseni, mchanga mtupu, na mchanga mkavu haupokei umeme vizuri. Akapigilia fimbo ya shaba chini sana, akachimba kuizunguka, akajaza mkaa na chumvi ili udongo ushike unyevu. Akapima, akatikisa kichwa, akamwaga maji, akapima tena.

Juisi ya mama inauzika. Kuanzia mwezi wa saba, mvua zikishapotea kabisa, kila jioni anapeleka ndoo ya maji pale penye fimbo ya shaba, na wapita njia wanaojua shida ya maji ya Bariadi wanamshangaa anamwagilia nini. Mdogo wangu mpaka leo hafungui friji bila kuvaa kandambili, na kabla ya kushika mpini huligusa kwanza kwa mgongo wa kidole, haraka, kama mtu anayepima pasi.