Ekseli Kuingia na Ekseli Kuingiliana

Ulizia spea ya gari Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, na jibu litakuja kwa kitenzi kimoja: inaingia. Pampu ya gari hili inaingia kwenye lile. Zile zinazobadilishana nafasi bila kukatwa wala kuchomelewa husemwa kuwa zinaingiliana. Istilahi tayari tunayo. Anayetaka kuandika kitabu cha ufundi asihangaike kuunda "ubadilishanaji wa vipuri". Hakuna fundi atakayelitamka hilo akiwa na spana mkononi.

Dhana yenyewe ni ya zamani kuliko gari. Mwaka 1785 Honoré Blanc, mtengenezaji bunduki wa Ufaransa, alimwonyesha Thomas Jefferson mafungu ya vipande vya mitambo ya bunduki, na Jefferson akaokota vipande bila kuchagua akaiunganisha mwenyewe. Mwaka 1908 ikawa zamu ya magari: Cadillac tatu zilifumuliwa huko Brooklands, Uingereza, vipande vikachanganywa, zikaundwa tena na kukimbizwa maili 500. Huko ndiko kuingiliana kwa maana kamili. Kipande hakijui kimetoka gari gani.

Ekseli ya mbele ya mtumba haiko hivyo, na hapa ndipo kitenzi cha gereji kinapomponza mnunuzi. Kwa ekseli nakusudia gogo zima la chuma: difu, shafti zilizomo ndani, vifundo vinavyogeuza magurudumu, na habu. Wapo wanaoliita lote difu, kwa sababu difu ndilo tumbo linaloonekana. Wakati wa kulipa, tofauti hiyo ni pesa. Kamusi nazo hutoa "mhimili", ila neno hilo limeshashikwa na mhimili wa dunia, mstari usioshikika. Gogo linalovuja oili liitwe ekseli.

Tuchukue mwenye Land Cruiser 40 ya zamani, yenye breki za dramu mbele, anayezihofia kila anaposhuka mlima wa matope. Amepata ekseli ya Land Cruiser 60, gari lililoundwa kuanzia 1980 hadi 1990, na yenyewe ina breki za diski. Dalili zote ni njema: zote mbili hukaa juu ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa, zote rimu za nati sita, na difu zote ziko upande wa kulia. Muuzaji akimwambia, "Bosi, hii inaingia," hajadanganya.

Upande wa difu si jambo dogo. Jeep CJ zilikuwa na difu ya mbele kulia. Jeep YJ iliyozifuata mwaka 1987 ikaja nayo kushoto. Ekseli ya moja haiwezi kugeuzwa tu ikafaa nyingine, kwani propela hutoka kwenye transfa upande mmoja na lazima ikute difu upande huohuo. Kwa huyu wa Land Cruiser, mtihani huo umepita.

Unaofuata ndio unaofelisha wengi, nao ni uwiano wa meno. Series 60 zilitoka kiwandani na difu za 3.70 au 4.11, kutegemea injini na soko. Hiyo 4.11 ni meno 37 ya krauni kwa 9 ya pinioni. Ikiwa difu ya nyuma ya gari ni 4.11 na ya mbele ni 3.70, propela ya mbele na ya nyuma zinatakiwa kuzunguka kwa kasi mbili tofauti, na transfa ya gari hili, ukiingiza foo wili, huzifunga pamoja. Gurudumu fulani lazima liteleze. Kwenye lami kavu haliwezi, hivyo mkazo huishia kwenye gia na shafti. Ubaya ni kwamba habu za mbele zikiwa zimefunguliwa, gari litakimbia wiki nzima bila kulalamika. Mvua zikianza ndipo litakaposema.

Usikubali kuambiwa namba kwa mdomo. Inua ekseli juu ya matofali, piga mstari wa chaki kwenye kikombe cha pinioni na mwingine kwenye habu moja. Hakikisha shafti zimefungamana na habu, kisha mwenzako ashike habu ya upande wa pili isizunguke. Zungusha pinioni hadi habu yenye chaki imalize mizunguko miwili kamili, ukihesabu ya pinioni. Minne na kidogo ni 4.11; mitatu na robo tatu kasoro kidogo ni 3.70. Miwili, si mmoja, kwa sababu difu humpa aliye huru mwendo wa yule aliyezuiwa.

Chunguza pia kifundo kwa chini. Grisi nzito ni afya. Ukikuta uji mweusi unaonuka oili ya gia, sili ya ndani imekwisha na oili ya difu imehamia huko. Ni kazi ya kufumua, na bei ishuke. Pima umbali kati ya vikalio vya springi, katikati hadi katikati, na upime vilevile kwenye gari lako. Visipolingana, vitakatwa na kuchomelewa upya, na aliyechomelea asipozingatia pembe ya pinioni, propela itatetemeka. Masta silinda ya dramu nayo ibadilishwe.

Na kama ekseli ni nzima lakini uwiano ni 3.70, usiiache haraka. Difu za Land Cruiser hizi hutolewa nzima upande wa pinioni, kama kichwa. Fungua ile ya 4.11 iliyokuwa kwenye ekseli yako kuukuu, hesabu meno ya ncha za shafti na ulinganishe ukubwa wa krauni. Vikilingana, ihamishie kwenye gogo la 60: vichwa hivyo viwili, angalau, vinaingiliana.