Boriti iliyopima vyumba

Ukiingia katika nyumba ya kale ya mawe mjini Lamu, utakuta ukumbi mrefu ambao upana wake haufiki mita 3. Mwashi hakukosa kiwanja. Kipimo alipewa na boriti ya mkoko, kwa sababu dari la mawe na chokaa ni zito, na boriti ikizidi urefu huo hupinda.

Mkoko ni mti wa maji ya chumvi, mgumu na mzito. Magome yake yamejaa tanini, nayo yalitumika kudabighi ngozi. Ikishakauka chini ya dari, boriti yake hudumu miaka mingi, mchwa wakiikwepa. Wakataji wa Lamu wameupa jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kigingi. Huhesabiwa kwa korija, yaani miti 20.

Bara Arabu na Uajemi, ambako miti ya kujengea ni adimu, waliutaka mapema. Katika karne ya 10 al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na miti iliyotoka nchi ya Zanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Miaka elfu moja baadaye safari ilikuwa ile ile. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, aliingia delta ya Rufiji ndani ya bumu la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Walikuja kupakia boriti, ambazo Wakuwait huziita chandali, katikati ya matope na mbu.

Manahodha wameandikwa vitabuni, na wanastahili. Mimi namkumbuka zaidi mkataji. Alisubiri maji yapwe, akazama matopeni hadi mapajani, akaangusha mti kwa shoka, kisha akangoja maji yajae ili dau lake lielee na mzigo. Bila mgongo wake, Kuwait isingekuwa na dari, na jina lake halikuandikwa popote.

Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, ili kuiokoa mikoko iliyokuwa ikikatwa kwa kasi kuliko inavyoota. Wakati huo soko la Ghuba lilikuwa limekwisha kulegea. Mafuta yalikuwa yameleta saruji na nondo, na vyumba vya Kuwait vikapanuka.