Leseni Humlinda Nani?

Mwanafunzi aliniuliza: kwa nini mtoa huduma ya masaji nchini Marekani adaiwe leseni ya jimbo, ilhali kazi yake ni kukanda tu? Nilimjibu kwa kisa cha tabibu Frank Dent.

Sheria ya West Virginia ya mwaka 1881 ilimtaka tabibu awe na shahada ya chuo kinachotambulika, au uzoefu wa miaka 10, au afaulu mtihani. Dent alikuwa ametibu kwa takriban miaka 6, na shahada yake Bodi ya Afya iliikataa. Alitiwa hatiani. Mwaka 1889 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jimbo lina mamlaka ya kuwakinga wananchi dhidi ya ujinga na ulaghai. Kisha zikafuata leseni za wauguzi North Carolina mwaka 1903, na za wakandaji Ohio mwaka 1915.

Naiunga mkono hukumu ile, kwani mgonjwa hawezi kuipima elimu ya anayemgusa. Hata hivyo, waliomkataa Dent walikuwa madaktari wa mkondo uliopingana na wake. Pasipo rufaa huru, ngao ya mgonjwa hugeuka kuwa ukuta wa wenye fani.