LESS: Mwanagenzi anaweza kupima namna mchezaji anavyotua?

LESS ni kipimo cha kuangalia mchezaji anavyotua baada ya kuruka. Darin Padua na wenzake wa Marekani walikichapisha mwaka 2009, lengo likiwa kuwabaini walio hatarini kuumia ACL, kano muhimu iliyo ndani ya goti. Jeraha hilo linaweza kumweka mchezaji nje kwa miezi mingi.

Kinavyofanyika

Mchezaji anaruka kutoka kwenye boksi la sentimita 30, anatua mbele, kisha papo hapo anaruka juu kadiri awezavyo. Kamera mbili zinarekodi, moja mbele na nyingine ubavuni. Baadaye mpimaji anatazama video na kujaza vipengele 17: magoti yamekunjwa? Yameingia ndani? Vidole vimeelekea wapi? Makosa yakiongezeka, alama zinapanda. Zikizidi 6, utuaji ni mbaya.

Mgeni anaaminika?

Utafiti wa James Onate na wenzake, wa mwaka 2010, ulilinganisha mtaalamu na mwanagenzi. Jumla za alama zao zilikaribiana sana, ila kwenye kipengele kimoja kimoja makubaliano yalipanda na kushuka.

Hapo ndipo pa kuangalia. Wapimaji wawili wanaweza kutoa 5 wote, mmoja akiwa ameona magoti yameingia ndani, mwingine miguu imekakamaa. Jumla ni ileile, lakini mazoezi ya kurekebisha ni tofauti.

Kwa hiyo kabla ya kumpangia mchezaji mazoezi, mwanagenzi arudie video taratibu, na mwenye uzoefu apitie vipengele vyenye utata.