Jinsi Wamongolia walivyoangamiza miji ya Uajemi

MNAMO 1218, msafara wa wafanyabiashara wapatao 450 kutoka kwa Genghis Khan uliwasili Otrar, mji wa mpakani mwa dola ya Khwarazm, iliyotawala Asia ya Kati na Uajemi. Liwali wa mji aliwashutumu kuwa majasusi, akawaua na kutwaa mali yao. Mjumbe aliyetumwa kudai haki aliuawa pia, kwa amri ya Sultani Muhammad. Mwaka uliofuata, Wamongolia walivamia.

Farasi havunji ukuta, na wafugaji hao wa nyikani hapo awali hawakujua kuzingira ngome. Ujuzi huo waliupata China, walikopigana tangu 1211. Mafundi wa huko waliwaundia mitambo ya kurushia mawe na vyungu vya mafuta yanayowaka. Gurganj hapakuwa na mawe. Wakakata miforosadi, wakaloweka magogo majini yawe mazito, wakayavurumisha kutani.

Silaha iliyotisha zaidi, hata hivyo, ilikuwa binadamu. Mateka wa miji iliyokwisha kuanguka walisukumwa mbele ya jeshi kujaza mahandaki, hivyo watetezi wa ngome wakalazimika kuwapiga mishale ndugu zao wenyewe. Sultani naye aliwarahisishia maadui kazi: badala ya kukusanya majeshi yake, aliyatawanya mijini, kila mji ukapambana peke yake. Alifia kisiwani katika Bahari ya Kaspi akiwa mtoro.

Jimbo la Khorasan ndilo lililoumia zaidi. Mapema 1221, Merv ilijisalimisha kwa Tolui, mwanawe Genghis Khan, baada ya kuahidiwa usalama. Ahadi ilivunjwa, wakazi walitolewa nje na kuuawa, wakasazwa mafundi wapatao 400 na baadhi ya watoto. Mwanahistoria Juvayni, aliyeandika miongo kadhaa baadaye, alitaja maiti zaidi ya milioni 1.3, idadi ambayo wataalamu wa leo huitilia shaka, ingawa hawakanushi mauaji yenyewe. Nishapur, ambako mkwewe Genghis Khan alikuwa ameuawa kwa mshale, ilifuata Aprili.

Nyumba hujengwa upya upesi. Maji ni jambo jingine. Merv iliishi kwa bwawa na mifereji ya mto Murghab, nayo iliharibiwa. Ilipofufuliwa na Shah Rukh mnamo 1409, mji mpya ulijengwa kusini mwa magofu, ukiwa mdogo mno kuliko ule wa kale.