Saa Inayojitia Ufunguo

Mapadri wa Assomption walipofika nchi ya Beni mwaka 1929, kengele ya misioni ndiyo ilikuwa saa ya wote. Iliita asubuhi, adhuhuri na jioni kwa sala ya Malaika wa Bwana. Baadaye saa za mkono zilienea Beni na Butembo, kwa walimu, makarani na wafanya biashara. Kila siku mwenyewe alipaswa kuitia saa yake ufunguo, akisahau, husimama.

Lakini ziko saa zisizodai kazi hiyo. Fundi Mwingereza, John Harwood, alichoshwa na vumbi lililoingia katika saa kwa tundu la kile kifundo cha ubavuni. Akakiondoa kifundo chenyewe. Ndani akaweka kipande kizito cha chuma, kinachocheza mkono unapotikisika. Mchezo huo hukaza kamani, yaani utepe wa chuma unaoendesha saa. Alipewa hati ya uvumbuzi huko Uswisi mwaka 1924.

Shida ilibaki moja: chuma hicho kiliinenepesha saa, nayo saa ya sikukuu hutakiwa iwe nyembamba, ipite chini ya mkono wa shati. Katika miaka ya 1950, mafundi wa Buren na wa Universal Genève, huko Uswisi, walikifanya kidogo, wakakilaza kati ya magurudumu badala ya juu yake. Mojawapo ya saa zilizokuja kupata chuma hicho kidogo ni Polerouter, iliyochorwa mwaka 1954 na Gérald Genta, kijana wa miaka 23. Ilikuwa kumbukumbu ya ndege zilizoanza mwaka ule kwenda kutoka Copenhagen hadi Los Angeles kwa njia ya kaskazini penye barafu.

Basi uzuri wa saa hizi si dhahabu tu. Zinaomba tu mwenyewe aishi siku yake: alime, aandike, apande kilima, afanye ishara ya msalaba.

Ndugu msomaji, labda babu alikuachia saa ya namna hii, nayo imelala sandukuni. Usiitikise kwanza, maana mafuta yakikauka vyuma husagana. Mpelekee fundi saa aisafishe na kuitia mafuta mapya. Wala usiiuze kwa bei ya chuma kikuukuu. Siku hizi watu wa mbali wanazitafuta sana. Kisha ivae. Mtume Yakobo alitufundisha juu ya imani isiyo na matendo. Saa hii, ikikosa mkono unaofanya kazi, nayo husimama.