Noti za Elfu Moja Zilipoondolewa: Eastlands, 2019

Pesa zimebadilishwa zaidi ya mara moja Nairobi. Rupia, ambayo wajenzi wa reli walilipwa, iliondolewa mwaka 1920 ikaja florini, kisha shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, shilingi 2 kwa kila florini. Tarehe 14 Septemba 1966 Benki Kuu ya Kenya ilitoa noti zake za kwanza, na zile za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki zikaanza kuondoka mikononi mwa watu. Badiliko linalokumbukwa zaidi Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, hata hivyo, ni la 2019.

Katika sherehe za Madaraka huko Narok, tarehe 1 Juni 2019, Gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, alitangaza kizazi kipya cha noti. Katiba ya 2010 ilikuwa imekataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa, kwa hiyo noti mpya zilipambwa kwa jumba la mikutano la KICC na wanyama wa mbugani. Jambo lililowashtua watu ni la noti ya elfu moja. Noti nyingine za zamani zingeendelea kutumika pamoja na mpya, lakini elfu moja ya zamani ingekoma kuwa pesa ifikapo tarehe 1 Oktoba. Benki Kuu ilitaja sababu mbili, pesa haramu na noti bandia. Noti hiyo, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1994, ndiyo kubwa kuliko zote nchini, na ndiyo rahisi kufichwa kwa wingi. Baada ya siku chache benki kuu za Tanzania na Uganda zikasimamisha ubadilishaji wa shilingi ya Kenya, na mlango wa kuvusha pesa mpakani ukafungwa.

Makao makuu ya Benki Kuu yako Barabara ya Haile Selassie, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Muthurwa na soko la Wakulima. Hata hivyo, sehemu kubwa ya thao, yaani noti za elfu moja, za Eastlands haikuhitaji kupelekwa huko. Nyingi zilibadilika zenyewe katika biashara ya kila siku. Mama mboga alimpa wakala wa M-Pesa noti ya zamani, salio likaingia kwenye simu. Mfanyabiashara wa mitumba Gikomba alilipia bandali kwa noti za zamani, na aliyezipokea akazipeleka benki jioni. Kila mkono uliharakisha kuusukumia mkono mwingine, mpaka noti zikafika mahali penye akaunti.

Mzigo mzito uliwaangukia wale ambao pesa yao haikuwa ikitembea: mzee anayeweka akiba ya kodi chini ya godoro, au chama ambacho fedha zake hukaa kwenye kisanduku hadi zamu ya mwanachama ifike. Kwa watu hao tangazo la serikali lilikuwa amri ya kufungua sanduku kabla ya wakati wake. Aliyekuwa na kiasi kidogo alihudumiwa kwenye kaunta ya benki, lakini mwenye kiasi kikubwa alitakiwa kueleza alikokitoa. Hapo ndipo ulipokuwa uadilifu wa mpango wenyewe, kwa sababu mchuuzi wa soko la Burma hakuwa na la kueleza zaidi ya nyama aliyoiuza, ilhali mwenye magunia ya noti alikuwa na mengi.

Septemba ilipokaribia mwisho, baadhi ya wenye maduka walianza kuzikataa noti za zamani hata kabla ya siku yenyewe, wakihofia kubaki nazo. Njoroge alishikilia kwamba muda hautaongezwa, wala haukuongezwa. Kesi ya kupinga noti mpya, iliyodai kwamba sanamu ya Jomo Kenyatta inayoonekana mbele ya KICC ni picha ya mtu, ilitupwa mahakamani siku chache kabla ya mwisho wa mwezi.

Hesabu ya Benki Kuu ilionyesha kwamba noti 217,047,000 za elfu moja zilikuwa mikononi mwa watu mwanzoni mwa Juni. Zilizorudi zilikuwa 209,661,000. Zilizosalia, 7,386,000, zenye thamani ya shilingi bilioni 7.386, zikawa karatasi tu. Noti za zamani za 50, 100, 200 na 500 hazikuguswa. Na Benki Kuu ilipotoa noti zenye saini ya Gavana Kamau Thugge mwaka 2024, zile za 2019 ziliendelea kutumika bila mtu kupangiwa siku ya kuzirudisha.